Rada Iliyoshindwa na Unyevu

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wataalamu wa Marekani na Uingereza walitaka rada ndogo ya kufungwa kwenye ndege. Wimbi likiwa fupi, dishi dogo latosha na picha hutoka safi. Rada ya sentimita 10 ilikuwa imefaulu, ya sentimita 3 ikafuata, wakateremka hadi 1.25. Mwaka 1942 mwanafizikia John Van Vleck aliwatahadharisha kwamba karibu na urefu huo mvuke wa maji hunyonya mawimbi. Kazi ikaendelea. Ilipopelekwa penye joto na unyevu, rada ile haikuona mbali. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi. Mawimbi ya karibu na gigahezi 22 huizungusha, na nguvu ya kuizungusha hutoka kwenye wimbi lenyewe. Rada hulipa gharama hiyo mara mbili, kwenda na kurudi.

Nawaeleza haya watu wa Kisumu kwa sababu hewa yetu ni ya aina hiyo. Msimu wa mvua, shati lililofuliwa jana pale Dunga huamka kambani likiwa bado bichi. Unyevu huo huo ndio unaosimama kati ya mnara mmoja wa mawasiliano na mwingine.

Oksijeni nayo ina mahali pake pa kunyonya, karibu na gigahezi 60. Kwenye usawa wa bahari, kilomita moja tu ya hewa huacha takriban sehemu 1 kati ya 30 ya nguvu iliyotumwa. Kisumu iko juu zaidi ya mita 1,100, hewa imepungua kidogo, lakini nafuu yenyewe ni ndogo. Antena ya gigahezi 60 yafaa kuunganisha majengo mawili ya Barabara ya Oginga Odinga. Kuvuka ghuba hadi Kendu Bay haiwezi, hata iwe ghali vipi. Huko hutakiwa masafa ya chini, kama gigahezi 6 au 7.

Wavuvi wa omena hukesha majini usiku, saa ambazo dhoruba za ziwa hupenda kuzuka. Onyo la dhoruba hupitia mawasiliano hayo hayo, na onyo lisilowafikia ni sawa na onyo ambalo halikutolewa. Basi viongozi wa kaunti na wa vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), mkiletewa mtambo wa mawasiliano, msiridhike na majaribio ya nchi kavu yenye baridi. Daini ujaribiwe hapa, juu ya maji, mwezi wa Aprili, kabla hamjalipa.