Usifungue Kabla ya Wakati

Ujumbe wa ibada ya Jumapili asubuhi
Maandiko: Habakuki 2:1-3, 1 Samweli 13:5-14, 2 Timotheo 1:12

 

Nabii Habakuki alikuwa na kesi na Mungu. Alilia juu ya dhuluma, akalia tena, na hakuona kitu. Halafu tazama alichofanya: alipanda mahali pake pa zamu, akasimama huko juu angoje kusikia Mungu atamjibu nini. Na jibu likaja. Mungu alimwambia jambo hilo lina siku yake iliyopangwa, na hata akiliona linachelewa, kazi yake ni kulingojea, kwa maana litafika tu.

Kungoja! Hilo neno hatulipendi. Ukituma pesa kwa simu, unataka ujumbe uingie kabla hujafunga mfuko. Ukipiga picha kwa simu, unaitazama hapo hapo; ukiona umefumba macho, unafuta, unapiga nyingine. Tumezoea hivyo mpaka tunamwendea Mungu hivyo. Jumapili tunaomba, Jumatano tunauliza mbona hakuna kitu.

Leo nataka tujifunze kutoka kwa kitu kidogo cha karatasi na plastiki. Wazee hapa mnakumbuka zamani za filamu. Mpiga picha alikuja na kamera yake Krismasi, tukajipanga na nguo mpya, akapiga, akaandika majina kwenye daftari, akaondoka. Picha ulikuwa hujaiona. Mpaka mkanda uishe, mpaka apate nauli ya Kisumu, mpaka zioshwe, ndipo unaletewa. Wengine waliletewa Pasaka!

Basi iko kamera ya filamu ya kutumia mara moja tu. Kampuni ya Fujifilm ilianza kuiuza Japani mwaka 1986, na Kodak wa Marekani wakafuata mwaka 1987. Ni kisanduku chepesi, filamu imeshawekwa ndani kiwandani, mara nyingi ya picha 27. Haina kioo cha kuonyesha picha. Kuna kitufe cha kupiga, gurudumu dogo la kuzungusha kwa kidole gumba, na namba inayokuambia zimebaki ngapi. Zikiisha, hufungui wewe. Unakipeleka kisanduku chote kwa wanaoosha, wao wanakivunja, wanatoa filamu.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1888 George Eastman aliuza kamera yake ya kwanza ya Kodak ikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Zikiisha, mtu alirudisha kamera nzima kiwandani, mjini Rochester, Marekani. Kazi ya mteja ilikuwa kubonyeza. Yaliyobaki yalikuwa ya mwenye kiwanda.

Mnanielewa? Iko sehemu yako, na iko sehemu ya mwenye kiwanda. Shida yetu nyingi inaanza pale tunapotaka kumfanyia yake.

1. Picha ipo kabla haijaonekana

Filamu imepakwa tabaka jembamba lenye chembe za chumvi ya madini ya fedha. Ukibonyeza kitufe, mwanga unaingia kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, unazigusa zile chembe, na mlango unafungwa. Saa hiyo hiyo picha imeshaingia. Lakini ukiweza kuitazama filamu wakati huo, huoni kitu. Hakuna uso, hakuna mti, hakuna ziwa. Badiliko limetokea, ila ni la kufichika, na litangoja hivyo mpaka dawa ya kuoshea ilitokeze.

Sikiliza, mama unayemwombea kijana wako aliyevuka kwenda kutafuta maisha na hapigi simu. Siku ile ulipopiga magoti, kitu kiligusa kitu. Usiseme hakuna kilichotokea kwa sababu huoni. Danieli alipoomba, malaika alimwambia maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza, ingawa majuma 3 yalipita kabla ya jibu kumfikia (Danieli 10:12-13).

2. Giza si adui kila wakati

Filamu inatunzwa gizani. Hata dawa inapofanya kazi yake, inafanya gizani. Ukiwasha taa katikati ya kazi, umeharibu kazi.

Watu wa Luanda Kotieno, hili halihitaji profesa. Wavuvi wa omena mnajua. Mwezi ukijaa, taa haivuti omena vizuri, na wengi mnabaki ufuoni mkitengeneza nyavu. Mnangoja giza. Usiku ule ambao mtu wa mjini anauogopa, ndio mvuvi anautafuta. Zaburi 139:12 inatufundisha kwamba kwa Mungu giza halifichi kitu, usiku kwake ni sawa na mchana. Kwa hiyo usihesabu kila usiku wako kuwa laana. Mwingine ni chumba cha kuoshea.

Lakini hapa nisieleweke vibaya. Kuna giza la kungoja na kuna giza la kuficha. Mtoto ana homa, mpeleke hospitali leo, usiniambie unangojea. Mume anakupiga, hilo si la kuvumilia kimya. Njoo useme, nenda pia kwa chifu. Kungoja kwa Habakuki kulikuwa kwa mtu aliyekwisha kulia kwa sauti.

3. Anayefungua mapema hupoteza yaliyo mbele

Sasa hapa ndipo nataka mfungue masikio. Niliyajua haya kupitia jambo lililotokea katika familia moja ya kanisa hili, na wameniruhusu niwaeleze.

Binti wa kidato cha 3 aliletewa kamera ya namna hii na shangazi yake aliye Marekani. Akaanza kumpiga nyanya yake: akianika omena, akichambua mboga, akicheka. Alikuwa amepiga picha 16 nyanya alipolala katika Bwana. Zilikuwa zimebaki 11.

Mnajua matanga. Ikatakiwa picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi na juu ya jeneza. Iliyokuwepo ni ile ya kitambulisho tu, imefifia, huwezi kumtambua mtu. Baba mdogo mmoja akasema, si picha ziko humu ndani? Akachukua kisu. Akasema, tufungue tuone.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio sokoni akamshika mkono. Kwanza, akasema, ukifungua hapa hutaona kitu, utaona utepe wa plastiki tu. Pili, hiyo sehemu ya flashi inaweka umeme hata kama haujawaka, na ukigusa vibaya itakurusha. Halafu akasema la tatu, ambalo mimi mchungaji nilikuwa silijui. Alisema kamera hizi hazipangwi kama zile za zamani. Kiwandani filamu yote inavutwa nje ya kopo lake kwanza. Kila unapopiga picha moja na kuzungusha gurudumu, ile picha inarudi ndani ya kopo, mahali mwanga haufiki. Kwa hiyo ukifungua kisanduku kwenye mwanga, zile ulizokwisha kupiga na kuzizungusha ziko salama. Zinazoungua ni zile ambazo hujapiga.

Wapendwa, nilikaa kwenye kile kiti cha matanga, nikalia. Mwambie jirani yako: zilizopigwa zimetunzwa!

Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo kwamba anamjua aliyemwamini, na ana hakika kwamba Yeye anaweza kulinda alichokabidhiwa mpaka siku ile. Miaka uliyomtumikia Mungu imo ndani ya kopo. Machozi uliyolia, imo. Maombi ya nyanya yako, imo. Shetani hawezi kuyapata. Anachokitafuta kwako ni zile 11 zilizobaki. Ndiyo maana anakupa kisu na kukuambia, fungua tuone.

Mwulize Sauli. Aliambiwa angoje Gilgali siku 7. Wafilisti wamejikusanya Mikmashi, askari wake wanatoroka, Samweli haonekani. Akachukua sadaka akaitoa mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli huyo anafika! Je, Mungu alifuta ushindi wa Sauli wa nyuma? Hapana. Hata kiti hakumnyang'anya siku ile. Aliambiwa ufalme wake hautadumu. Kilichoungua kilikuwa mbele.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu baadhi yenu mmeanza kupanda feri kwenda ng'ambo kwa mtumishi anayeahidi kuwaonyesha picha usiku huo huo: nani amekuroga, utaolewa na nani, shamba litakuwa la nani. Unatoa pesa ya karo, unarudi na jina la jirani yako. Kesho yake hamsalimiani. Hicho ni kisu, mpendwa. Hutaona picha humo, na unachoma ambazo bado hujapiga: urafiki wenu, harusi za watoto wenu, siku ambayo ungemhitaji huyo jirani akushike mkono.

4. Kungoja si kukaa bure

Yule binti hakufungua. Mazishi yalifanyika na ile picha iliyofifia. Lakini pia hakuifungia kamera kwenye sanduku. Aliendelea kupiga. Alipiga wageni, alipiga shangazi aliyefika usiku kutoka ng'ambo, alipiga kaburi na maua. Zile 11 zikaisha, filamu ikatumwa Nairobi kwa basi, na baada ya majuma 3 bahasha ikarudi.

Zote hazikutoka. Nne zilikuwa nyeusi, kwa sababu zilipigwa usiku bila kungoja ile taa ndogo ya flashi iwake, au mtu alikuwa mbali. Flashi ya kamera hiyo inafika kama mita 3 tu. Hata katika kubonyeza kuna kungoja.

Lakini nyanya alitoka! Anacheka, karai la omena mapajani. Na katika zile za mwisho, ambazo kisu kingezichoma, kulikuwa na picha moja ya wana wawili wa marehemu wamesimama chini ya mwembe, bega kwa bega. Hao ndugu walikuwa hawajasalimiana kwa miaka, sababu ni mpaka wa shamba. Siku ya mazishi walisogea karibu kwa muda mfupi, na hakuna aliyeona ila mtoto. Picha ilipofika, mkubwa aliitazama kwa muda mrefu, akamwita mdogo wake aje aione. Shamba bado halijapimwa. Lakini wanakula pamoja sasa, na picha iko ukutani kwa mkubwa.

Hiyo ndiyo sehemu yetu: kubonyeza zilizobaki. Musa aliomba tufundishwe kuzihesabu siku zetu (Zaburi 90:12). Hujui zimebaki ngapi. Msamehe mtu leo. Rudisha ulichokopa. Lipa karo. Tengeneza wavu. Usipige zamu ya Habakuki ukiwa umelala.

Mwito

Kuna mtu hapa ana kisu mkononi. Umechoka kungoja ndoa, unataka kwenda kwa mume wa mtu. Umechoka kungoja kesi ya shamba, unataka kutoa hongo. Umechoka kungoja kupona, unataka kuurudia ule mti uliouacha ulipookoka. Bwana anakushika mkono leo kama yule mzee. Weka chini. Hujachelewa, zilizopigwa zimetunzwa, na bado ziko zilizobaki.

Sala

Baba, tunakabidhi kwako tuliyoomba na hatujayaona. Yalinde mahali mwanga wa pupa haufiki. Tutulize mikono yetu. Tupe nguvu ya kufanya leo yaliyo yetu, na kukuachia yaliyo yako. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni ombi gani umelingojea kwa muda mrefu kuliko yote? Andika tarehe ulipoanza kuliomba, na mwombe mtu mmoja asimame nawe.
2. Someni tena 1 Samweli 13. Ni nini kilichomsukuma Sauli: hofu, watu, au saa? Kwako ni kipi?
3. Taja jambo moja la wiki hii lililo "sehemu yako", ambalo umekuwa ukiliahirisha ukisema unamngojea Mungu.
4. Je, kuna jirani au ndugu ambaye hamsalimiani kwa sababu ya maneno ya mtabiri? Mwendee kabla ya Jumapili ijayo.