Deni na Baraza la Watu

Wahenga walisema, Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii twaitumia sana kwa mtu mmoja aliyekopa kwa furaha akalipa kwa machozi. Lakini yafaa kuuliza kama yahusu mataifa pia. Je, nchi yenye deni kubwa yaweza kujitawala kwa shauri la watu wake, au mkopeshaji ndiye mtawala wa kweli?

Na tutazame habari za Misri. Khedive Ismail alianza kutawala mwaka 1863. Wakati ule pamba ya Misri ilikuwa na bei kubwa, kwa kuwa vita vya Marekani vilizuia pamba ya huko. Ismail akajenga reli, mifereji na majumba, na kila alipopungukiwa akakopa Ulaya. Vita vikaisha mwaka 1865, bei ya pamba ikaanguka, lakini madeni hayakuanguka pamoja nayo. Mwaka 1875 akaiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa pauni zipatazo milioni 4, wala hazikutosha. Mwaka 1876 ikawekwa ofisi ya kupokea mapato ya nchi kwa ajili ya wakopeshaji, na wasimamizi wawili, Mwingereza na Mfaransa, wakazishika hesabu za serikali. Mwaka 1879 Ismail mwenyewe akaondolewa katika kiti chake.

Sasa tuangalie jambo hili. Misri ilikuwa na baraza la wajumbe tangu mwaka 1866, lakini lilikuwa la kutoa mashauri tu, wala halikuwa na mamlaka ya kuzuia mkopo. Hivyo aliyekopa alikuwa mmoja, na waliolipa kwa kodi zao ni wakulima ambao hawakuulizwa. Baraza lilipokutana Desemba 1881, wajumbe hawakusema deni lisilipwe. Walidai haki ya kupiga kura juu ya ile sehemu ya mapato isiyotengwa kwa deni. Hata hilo wasimamizi walilipinga. Na Januari 1882 Uingereza na Ufaransa zikatoa tamko la kumtegemeza Khedive aliyemfuata Ismail. Mwezi wa Julai manowari za Kiingereza zikaipiga Iskanderia kwa mizinga, na Septemba jeshi lao likaishika nchi. Sababu zilikuwa nyingi, na njia ya Suez ni mojawapo. Walakini mlango ulifunguliwa na deni.

Huenda msomaji akasema, "Mkopeshaji naye ana haki yake." Ni kweli. Kulipa deni ni uaminifu, na taifa halipati heshima kwa kudhulumu. Lakini haki ya kulipwa si haki ya kutawala. Aliyemkopesha jirani mbegu aweza kudai mbegu zake baada ya mavuno. Hawezi kuamuru nani aongoze nyumba ile. Tena mkopeshaji ajuaye ya kuwa watakaolipa hawakuulizwa, naye ana fungu lake la lawama.

Basi demokrasia haianzi siku ya kura. Huanza siku baraza liwezapo kuuliza: Fedha hizi zakopwa kwa kazi gani? Kwa riba gani? Nani atalipa? Maswali haya yakiulizwa baada ya kutia sahihi, yamechelewa.

Wala tusidhani kwamba ni mambo ya wakubwa tu. Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Ni kanuni njema, lakini wanachama wakikaa nyumbani siku hesabu zisomwapo, wakaja siku ya kugawana tu, kura yao imekuwa karatasi tupu. Tuwafundishe watoto wetu hesabu, si wapate kuhesabu fedha zao wenyewe tu, bali wapate kuuliza juu ya fedha za wote. Asiyeuliza habari za mfuko wake asistaajabu akiukuta mkononi mwa mwingine.