Swali la Siku ya Pili

Ukimwambia kondakta wa basi kwamba unakwenda Kwamsisi, usishangae akikuuliza ipi. Iko kata ya Kwamsisi wilayani Handeni, na iko nyingine ndani ya mji wa Korogwe. Ukishajibu hilo, litafuata lingine: kwa nani? Taja jina la mwenyeji wako, na abiria wa kiti cha nyuma atadakia kwamba shemeji wa huyo mtu alisoma naye. Kabla basi halijafika Mkata umeshajulikana u nani, wa nani, na umefuata nini, na hakuna aliyekudai kitambulisho.

Watu wa mjini huliita hili umbeya. Pengine ni kweli kwa kiasi. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo wanafalsafa wamelizungushia maneno mengi: binadamu wawili wasiojuana wanaanzaje kuaminiana? Jibu la haraka ni kwamba tunamwamini mtu baada ya kuthibitisha kuwa husema kweli. Mtazame basi mama anayeingia duka la Kwamsisi asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Ila mtoto alikesha na kikohozi."

"Pole. Na bibi yake hajambo?"

"Hajambo. Nipimie sukari robo."

Kwa kipimo cha ukweli, mazungumzo haya yana walakini. Mtu ambaye hakulala usiku kucha kwa kikohozi cha mwanawe ameanza kwa kusema ameamka salama. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand, aliandika mwaka 1923 kwamba maneno ya namna hii hayabebi fikra yoyote. Kazi yake ni kuwafunga watu pamoja. Nakubaliana naye nusu. Alilolipuuza ni ile "ila". Salamu zetu huanza na heri kwa kila mtu, kila siku, hata msibani, na kwa kuwa heri hiyo haina mjadala, anayetaka kutaja shida yake hupata pa kuanzia bila kuonekana analia. Anayetaka kunyamaza naye hupita salama, maana ameshajibu. Hakuna aliyelazimishwa kufungua moyo, ila mlango haukufungwa.

Hata hivyo asubuhi ile haijajenga imani yoyote. Mwenye duka amesikia habari ya kikohozi, basi. Imani inaanza kesho yake, mama akirudi kununua kiberiti, mwenye duka akauliza kabla ya kupokea hela: "Mtoto alilalaje?" Hilo ndilo swali la siku ya pili, na kwangu lina uzito kuliko salamu zote za siku ya kwanza. La kwanza adabu inalidai, kwa hiyo halimgharimu mtu kitu. La pili halidaiwi na yeyote. Linaonyesha kwamba neno lako dogo halikuangukia chini, kwamba kuna mtu alilala nalo. Miezi ikipita, mama huyu akija mikono mitupu kabla ya mavuno, jina lake litaingia kwenye daftari la madeni bila maelezo marefu. Daftari hilo halina dhamana wala mkataba. Lina majina ya watu ambao habari zao mwenye duka amekuwa akizifuatilia.

Lakini mchezo huu una watu usiowaamini. Kijijini, anayepita bila kusalimia haachwi hivi hivi, hutafutiwa sababu. Akiwa kijana, ataambiwa ana majivuno. Akiwa bibi mjane anayeishi peke yake pembezoni, sababu inaweza kuwa mbaya zaidi, na sote tunajua wazee ambao ukimya wao uligeuzwa ushahidi wa uchawi. Kumbukumbu ile ile inayomkopesha mama sukari huweza kumfunga mwingine kwa kosa la babu yake. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba watu wakizungumza sana wanaaminiana sana. Wanaweza pia kuchunguzana sana.

Pengine ndiyo maana ukanda huu ulihitaji utani. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara ya mashariki, aliacha ndege wake kwa muda katika miaka ya 1940 akaandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Wanyamwezi, waliopita huku na misafara ya karne ya 19, wana watani wengi katika makabila ya karibu na pwani. Mashamba ya mkonge ya Korogwe nayo yaliwaleta manamba kutoka kila pembe ya nchi, watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua shemeji zao. Mtani hahitaji kungoja siku ya pili. Anakutukana siku ya kwanza, anakunyang'anya kofia, anakuja msibani kwako kufanya vituko mbele ya jeneza mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Naye wakati huo huo ana wajibu wa kukusaidia kuzika. Ni imani iliyorithiwa kutoka kwa wahenga waliopigana au kufanya biashara: swali lao lilishaulizwa na kujibiwa zamani, wajukuu wanakula faida.

Urithi wa aina nyingine ulionekana Handeni katika miaka ya 1990. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani na kupelekwa Somalia. Baadhi walitoroka mashamba ya mabwana zao wakajenga vijiji vyao katika bonde la mto Juba, wakiongozwa, kwa masimulizi yao, na mwanamke mtabiri aitwaye Wanankhucha. Vita ya Somalia ilipolipuka mwaka 1991, sehemu ya vizazi vyao ilikimbilia Kenya na hatimaye Tanzania. Waliwekwa kambini Mkuyu, Handeni, na baadaye, mwaka 2003, yakafunguliwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo. Kisheria walikuwa wakimbizi. Lakini walikuja wakizungumza Kizigua ambacho wenyeji walikielewa, baada ya zaidi ya karne moja ng'ambo ya Kenya nzima.

Hapa panahitaji uangalifu. Kusema lugha moja hakumfanyi mtu awe mwaminifu. Matapeli wote wa simu wanazungumza Kiswahili safi. Alichokuja nacho mzee wa Chogo ni uwezo wa kuulizwa: ukoo wako upi, mliondokaje, nani alibaki? Na majibu yake yangeweza kupimwa na mzee mwenzake wa Handeni. Tapeli anayekutumia ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" anachokwepa ni hicho tu. Ana heshima, ana haraka, na namba yake kesho haipatikani.

Siku hizi kuna mkopeshaji mwingine anayegombea nafasi ya daftari. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Waliokopa kwenye programu za aina hii wanajua mtindo wake: unaruhusu isome majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa, mjomba wako, mwalimu wa mwanao na fundi aliyekuezekea paa wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Programu hiyo ina kumbukumbu kuliko mwenye duka yeyote. Haisahau tarehe wala shilingi. Inawajua jamaa zako wote na haijawahi kumuulizia hata mmoja.

Mwenye duka wa Kwamsisi si mtakatifu, tusimpambe. Anapouliza kikohozi kimeendaje, huenda kichwani anapiga hesabu: mtoto akilazwa, deni langu litalipwa lini? Mama analijua hilo vizuri. Naye ni mfanyabiashara, anauza mihogo siku ya gulio. Anamjibu kwa kirefu vile vile, dawa aliyopewa zahanati, saa aliyolala mtoto, uji aliokunywa, kisha naye anamuuliza mguu wake, ule uliokuwa ukivimba juzi, umefikia wapi.