Dhamana ya Senti
Katika fikihi ya Kiislamu, mlango wa sarfu, yaani kubadilishana fedha kwa fedha, mafakihi waliuingia kwa hadhari kubwa, wakashurutisha kwamba wenye kubadilishana wakabidhiane papo hapo kabla hawajaachana, ili deni lisijipenyeze baina yao pamoja na dhuluma yake. Sharti hilo naliona lina hoja nzito hata kwa mtengenezaji wa programu ndogo ya biashara ya intaneti, ambaye mnunuzi wake wa Muscat hulipa kwa riali na muuzaji wa Unguja hungojea shilingi. Je, mtengenezaji huyo ni karani tu wa hesabu, au ni mdhamini? Nami naitakidi kuwa ni mdhamini: tarakimu iliyoandikwa bila ya sarafu yake ni ushahidi uliokatwa nusu, na kiwango cha ubadilishaji kisichohifadhiwa pamoja na saa ya mapatano huufanya mkataba wa leo usomeke vingine kesho. Riali ya Omani hugawika baisa 1000, shilingi senti 100, na yeni ya Japani hulipwa nzima nzima. Basi azipimaye zote kwa desimali mbili hupoteza baisa za watu, ingawa hakukusudia. Mafundi waangalifu huhifadhi kila kiasi kwa namba nzima ya sehemu yake ndogo kabisa. Lakini riali inapogeuzwa shilingi, masalio ya kukadiria ni ya nani? Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo, haikuusamehe upunjaji kwa udogo wake. Kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kujua, kabla hajalipa, masalio hayo yataangukia upande gani.