Gari ya Baba

Peugeot 504 ya marehemu babangu iko gereji ya jua kali Changamwe, mwaka wa pili sasa. Injini ishabadilishwa, milango yatoka gari mbili tofauti, na fundi wa bodi amekata sakafu nzima. Chumvi ya pwani haichezi na bati. Ya zamani kwa kweli ni usukani.

Juzi akaja tajiri mmoja, ataka gari ya kushindana kwenye mbio za magari ya zamani. 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, kwa hivyo jina bado lina bei. Akaniuliza, "Ni ileile?"

Nikasema ndiyo.

Jahazi hubadilishwa mbao zote na nahodha akaliita jina lilelile, hakuna wa kumwita mwongo. Sawa. Lakini nahodha hana mteja mbele yake. Ile ndiyo yangu ingemtoa mtu laki kadhaa.

Nilimwambia Mama. Akacheka. "Babako mwenyewe aliibadilisha injini mara mbili. Hukujua?"

Sikujua. Na bado yule tajiri hajui. Namba yake ninayo, na fundi ataka pesa ya rangi kabla ya Ijumaa.