Nyumba ya Siku Moja

Baba alipotaka kubomoa jiko la Cucu, kule Tetu, mimi nilipinga. Jiko lenyewe lilikuwa la udongo na mabati, limeinama upande mmoja kama mlevi. Lakini nilikuwa nimeacha chuo, sina pesa, maneno tu ndiyo ninayo. Nikamwambia tunafuta historia.

Historia gani, sasa? Jiko hilo halikuwa hata la mviringo. Zamani Wagĩkũyũ walijenga kwa miti, udongo na nyasi: mwanamke na nyumba yake, mwanamume na thingira yake. Jomo Kenyatta aliandika katika Facing Mount Kenya, 1938, kwamba nyumba ilijengwa na kuhamiwa siku hiyo hiyo. Hapo huwezi peke yako. Lazima majirani waje, wanaume na miti, wanawake na nyasi, na wewe uwalishe.

Halafu ikaja 1954. Serikali ya kikoloni, ikipambana na Mau Mau, iliwalazimisha watu zaidi ya milioni moja kuhamia vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro yenye vijiti vilivyochongwa. Makao ya zamani yakachomwa. Cucu alikuwa na miaka kumi.

Nilimuuliza kama anakumbuka nyumba ya mviringo. Akaniangalia.

"Gani? Ile ya kwetu ama ile ya kijiji?"

Sikuwa nimewaza hilo. Kumbe vibanda vingi vya kijiji vilikuwa vya mviringo pia, nyasi juu, vikajengwa haraka na watu wengi. Kwa picha huwezi kutofautisha. Tofauti ni kwamba kwa moja majirani waliitwa, na kwa nyingine walisukumwa na bunduki. Sasa mimi nilikuwa nahifadhi nini? Umbo?

"Wewe unalipenda hili jiko," Cucu akasema, "kwa sababu si wewe unayekohoa humo."

Tukalibomoa. Fundi alichukua wiki mbili kujenga la mawe, na tukamlipa. Hakuna jirani aliyekuja, kwa sababu hatukumwita yeyote. Pesa ya fundi ilikuwepo, ya nini kusumbua watu?

Siku ya kuingia, Cucu hakuangalia dirisha wala bomba la moshi. Aliuliza, "Ni nani wamekuja?"

Tulikuwa sisi tu. Nilitoka nje, nikaenda kugonga geti la jirani, na njiani nikagundua silijui jina lake.