Mabadiliko ya Polepole: Neema au Kisingizio?

Somo: Marko 8:22–26, Kutoka 23:29–30, Luka 19:1–10



Kuna swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni lakini hatuliulizi kanisani, tusije tukaonekana hatuna imani. Swali ni hili: kama kweli niliokoka, nikaombewa, nikasimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda, mbona ile tabia ya zamani bado inanivuta? Kwa mmoja ni pombe. Kwa mwingine ni hasira, au ulimi. Na kwa wengine, ambao siku hizi ni wengi kuliko tunavyotaka kukubali, ni kamari ya simu. Hebu leo tuongee juu ya hiyo ya simu, maana iko mfukoni hata wakati wa ibada.

Kamari ya zamani ilikuwa na mlango. Mtu alitoka nyumbani, akaenda mahali fulani, akaonekana akiingia. Aibu yenyewe ilimzuia kidogo. Leo hakuna mlango. Tangu tuanze kutumiana pesa kwa simu hapa Kenya mwaka wa 2007, tumebarikiwa sana: karo inalipwa, shosho kijijini anapata ya sukari, sadaka inafika hata ukiwa safarini. Lakini njia hiyo hiyo ndiyo inayopitisha pesa ya kubeti, saa tano usiku, mtu akiwa amelala kando ya mkewe na taa imezimwa. Mechi inachezwa Ulaya, na kodi ya nyumba inapotelea hapa kwetu.

Sasa ndugu kama huyu anaombewa madhabahuni. Analia machozi ya kweli. Anakaa wiki tatu bila kubeti, halafu mshahara unaingia na anaanguka tena. Tumwambie nini?

Kuna majibu mawili ambayo tumezoea kuyatoa, na yote mawili yanaumiza.

La kwanza ni, "Ndugu, wewe hukuokoka." Tunamrudisha mbele aombewe upya, kila mwezi, mpaka anachoka na kuanza kuketi nyuma karibu na mlango. Mwisho haji tena. La pili linatoka kwa yeye mwenyewe: "Pasta, Mungu ananibadilisha polepole." Linasikika la kiroho, lakini mke wake ana swali: na sisi tule nini hiyo polepole ikiendelea?

Tuanze na jibu la kwanza. Je, ni kweli kwamba kazi ya Mungu lazima ikamilike kwa mara moja? Soma Marko 8. Watu wa Bethsaida walimletea Yesu kipofu. Yesu akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni, akamwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Mtu yule akasema anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Yesu akamwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona vizuri. Yesu hakukosa nguvu mara ya kwanza. Alichagua kufanya hivyo, na hakumkemea mtu yule kwa kuona nusu.

Angalia pia alichofanya kipofu mwenyewe. Alisema ukweli. Watu walikuwa wamemleta, na ingekuwa rahisi aseme, "Haleluya, naona kila kitu!" Angesema hivyo, angerudi nyumbani na miti yake. Wapendwa, tumekuwa na haraka ya kusikia ushuhuda uliokamilika. Mtu akisimama aseme, "Nimefunguliwa kabisa," tunapiga makofi. Akisema, "Nimesaidika, lakini wiki hii nilivutwa sana, niombeeni," kanisa linanyamaza. Kwa kimya hicho tunawafundisha watu kudanganya, na aliyedanganya kwamba anaona hana sababu ya kuomba mkono wa pili.

Kutoka 23 inatupa sababu nyingine. Mungu aliwaambia Waisraeli kwamba hangewafukuza wenyeji wa nchi kwa mwaka mmoja, nchi isije ikabaki ukiwa na wanyama wa mwituni wakazidi. Angewafukuza kidogo kidogo, mpaka Israeli waongezeke na kuweza kuikalia nchi. Yaani nafasi iliyo tupu ni hatari. Anayeacha kubeti anabaki na jioni ambazo hazina kazi, marafiki ambao hana la kuongea nao, na siku ya mshahara ambayo moyo unadunda. Hizo zote zinahitaji kujazwa, na kujaza kunachukua muda. Ndiyo maana yule anayefukuza pepo na kuacha nyumba tupu anasaidia nusu tu.

Kwa hiyo aliyeanguka hatufai kumwambia hana wokovu. Mithali 24:16 inamtaja mwenye haki anayeanguka mara saba na kuinuka. Bado anaitwa mwenye haki.

Lakini hatuwezi kuishia hapo, maana lile jibu la pili nalo lina hatari yake. Nitawapa mfano wa mtu ambaye wimbo wake mnaujua.

John Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Alikuwa baharia, mtu wa matusi, na alifanya kazi katika biashara ya watumwa. Mwezi wa Machi 1748 meli yao ilipigwa na dhoruba karibu izame, akamlilia Mungu, na maisha yake yote aliikumbuka siku hiyo kama mwanzo wa kuokoka kwake. Huyu ndiye aliyekuja kuandika ule wimbo wa neema ya ajabu ambao dunia nzima inauimba.

Sehemu ambayo hatuisimulii sana ni hii. Baada ya dhoruba ile, Newton hakuacha biashara ya watumwa. Alipanda cheo. Kuanzia 1750 hadi 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Alikuwa anasoma Biblia, anaomba, hata anawaongoza mabaharia wake katika ibada, huku chini ya sakafu ya meli Waafrika wamefungwa minyororo. Aliacha bahari kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu dhamiri ilikuwa imemshtaki. Akawa mchungaji mwaka wa 1764. Ni mwaka wa 1788 ndipo alipochapisha kijitabu cha kuipinga biashara ile waziwazi, na kukiri aibu yake kwa kushiriki. Kuanzia 1748 hadi 1788 ni miaka 40.

Je, Newton alikuwa ameokoka? Mimi naamini Mungu alikuwa ameanza kazi ndani yake, na baadaye alitumika sana katika vita vya kukomesha biashara hiyo. Lakini waulize wale waliokuwa chini ya sakafu ya meli. Polepole ya Newton, ni nani aliyeilipia? Si yeye. Yeye alikuwa juu, anaomba.

Hilo ndilo swali ambalo kila mmoja wetu anapaswa kujiuliza anaposema Mungu anambadilisha polepole: ni nani anayelipia polepole yangu? Kama ni mimi pekee, basi nivumilie na nisonge mbele. Lakini kama ni mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, au mke anayejificha mwenye nyumba akija, au wanachama wa chama ambao pesa zao nilikuwa nimeaminiwa kuzishika, basi polepole hiyo si yangu kuichukua tu hivi hivi.

Tutenganishe mambo mawili. Kuna tamaa, na kuna haki. Tamaa ya moyo inaweza kuchukua muda kufa, na hapo Mungu ana uvumilivu na sisi tuwe nao. Lakini haki haingojei tamaa iishe. Mtazame Zakayo. Siku ile ile Yesu alipoingia nyumbani kwake, alisimama akasema atawapa maskini nusu ya mali yake, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Je, kupenda pesa kulikufa moyoni mwake jioni hiyo hiyo? Biblia haisemi. Inasema alifungua mkono siku hiyo. Pengine moyo ulifuata mkono baadaye, kidogo kidogo.

Basi ndugu unayepigana na kamari, usingoje mpaka usivutwe ndipo ufanye lililo haki. Leo, kabla hujalala, mwambie mkeo ukweli wote: deni ni kiasi gani, na la nani. Mshahara ukiingia, kodi na karo zitoke kwanza, na kama huwezi kuiaminia mikono yako, mpe mkeo au ndugu mnayeaminiana azishike. Futa zile akaunti za kubeti. Ukiwa na deni la mtu, nenda umwone, hata kama una mia mbili tu ya kuanzia. Hayo yote yanawezekana hata kabla tamaa haijaisha. Kisha uje tuombe juu ya tamaa yenyewe, mara ya pili, ya tatu, ya saba. Hatutakuchoka.

Nawe dada uliye nyumbani na mtu kama huyu: kusamehe si sawa na kumrudishia simu na mshahara wiki hiyo hiyo. Unaweza kumsamehe leo, na uaminifu ujengwe mwezi baada ya mwezi. Usikubali mtu akwambie kwamba kuficha unga wa watoto ni kukosa imani.

Na sisi kanisa, tujifunze kuuliza kama Yesu alivyouliza: sasa unaona nini? Tuulize Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani, si kuongoja kesha la mwisho wa mwezi. Na mtu akijibu kwamba bado anaona miti, tusimfukuze wala tusimpigie makofi ya uongo. Tumwekee mkono tena. Lazaro alitoka kaburini akiwa hai kabisa, lakini bado amefungwa sanda, na Yesu aliwaagiza waliosimama pale wamfungue. Kumfufua ilikuwa kazi ya Bwana peke yake. Kazi ya kufungua vitambaa aliwaachia watu, na mpaka leo ametuachia sisi.

Tuombe: Baba, wape ujasiri wa kusema ukweli wale wanaoona nusu. Walinde watoto wanaolipia makosa yasiyo yao. Tupe mikono iliyo tayari kurudisha leo, hata kama mioyo yetu bado unaitengeneza. Katika jina la Yesu. Ameni.